Pijo Haikuwa ya Kila Mtu

Kila Desemba, watu wa Nairobi wakishateremka Migori na Homa Bay kwa sikukuu na mazishi, lazima mmoja wao asimame kando ya Pijo 504 iliyooza nyuma ya nyumba ya babu na apigwe picha. Nyasi zimeota hadi kwenye vioo, kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma, matairi yalishatembea zamani. Chini ya picha huja yale maneno yetu ya kila mwaka: magari ya zamani yalikuwa magari, chuma kilikuwa chuma, siku hizi tunauziwa plastiki. Na mtu huyo huyo, akishamaliza, atashuka barabarani asimamishe Probox ya kwenda Rongo, ajikunje ndani, na njia nzima anune kana kwamba gari limemtukana mamake.

Mimi nimelelewa kati ya Rongo na Rodi Kopany. Pijo nimeipanda nikiwa mtoto wa kupakatwa, Probox ninaipanda nikiwa mtu mzima wa kujilipia nauli. Na nimechoka. Hii hadithi ya Pijo inasimuliwa na watu wachache kwa niaba yetu sote, na sisi wengine tunaitikia tu.

Kwanza tuipe haki yake. Siwezi kusema 504 lilikuwa gari baya, watu wa kwetu watanicheka. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikateuliwa gari bora la mwaka huko Ulaya, na kabla hujakaa vizuri ikawa gari la Afrika kuliko la Wafaransa wenyewe. Jina lake hapa kwetu ililipata kwenye Safari Rally. Ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa ameshashinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mashindano ya 1963 na ya 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mengine yote yalibaki matopeni. 504 yenyewe ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. (Ile ya 1978 ilikuwa kupe ya milango miwili yenye injini ya V6, gari ambalo mwalimu mkuu wa Uriri hakuwahi kuliona kwa macho. Lakini sifa ni kama moshi, inaingia nyumba zote.)

Ile tuliyoijua sisi ilikuwa ya familia, ndefu, yenye safu tatu za viti. Nyuma ilikuwa na ekseli nzima na springi nne, mbili kila upande. Barabara ya Homa Bay kwenda Mbita ikiwa bado ya murram, mvua imenyesha, dereva anabadilisha gia kwenye usukani kama anayekoroga uji, gari linapanda. Likiharibika, fundi alihitaji spana tatu, nyundo na kipande cha waya. Hayo yote ni kweli na sitayapinga.

Sasa niwaulize: Pijo ya nani?

Angalia tena ile picha yako. Hiyo Pijo inaoza katika boma la nani? Utakuta ni boma la chifu, la mwalimu mkuu, la daktari, la meneja wa kiwanda cha sukari pale Awendo, la mzee aliyefanya kazi bandarini Mombasa akarudi na kiinua mgongo. Kijiji kizima gari moja. Na mwenye gari alikuwa jaduong' kwelikweli. Ukiwa na mgonjwa usiku, hukwenda kuomba gari, ulikwenda kusalimia. Ulikaa, uliuliza habari za ng'ombe, ulizunguka maneno, mgonjwa anakungoja nyumbani anatetemeka, ndipo useme, "Baba, kuna shida kidogo." Mzee akiwa na moyo mwema siku hiyo, funguo zilitoka. Akiwa hana, mgonjwa alifungwa kwenye kiti cha baiskeli.

Hata zile za abiria hazikuwa za kila mtu. Pijo za kutoka Nairobi kwenda Kisumu zilibeba watu saba, zikaondoka zikijaa, na nauli yake ilikuwa juu ya ile ya basi. Alizipanda mtu aliyekuwa na haraka na pesa ya kulipia haraka yake. Dani wangu, mamake baba, hakuwa na vyote viwili. Yeye alitembea na karai la omena kichwani kutoka Homa Bay hadi Rodi Kopany, na akichoka sana aliomba lifti kwenye lori la mchanga. Ukimuuliza leo kuhusu uzuri wa Pijo atakwambia ilikuwa na vumbi. Aliiona kutoka kando ya barabara.

Kwa hiyo unapoandika "zamani tulikuwa na magari", hiyo tulikuwa ni ya akina nani? Babu yako alikuwa nalo. Hongera. Usituingize.

Probox ilifikaje hapa? Toyota waliizindua mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Hawakutufikiria hata kidogo. Walimfikiria mfanyakazi wa kampuni huko Japani anayezunguka mjini akisambaza katoni: mbele kuna kimeza cha kuvuta cha kuwekea laptopu au chakula cha mchana, nyuma kuna sakafu tambarare, na katikati kuna kiti chembamba cha dharura, endapo siku moja atalazimika kubeba wenzake. Akishaitumia miaka kadhaa, gari linauzwa mnadani, linapanda meli, linashuka Mombasa. Sheria yetu inataka liwe halijapitisha miaka minane, kwa hiyo kila Januari mwaka mmoja wa magari unakatwa na bei zinapanda.

Likifika huku bado linaongea Kijapani. Ukiwasha, sauti ya mwanamke inakukumbusha kwa upole jambo fulani kuhusu kadi ya kulipia barabara za huko, na utaishi na huyo dada mpaka mpate kuzoeana. Redio nayo inaishia 90, kwa sababu huko FM yao iko chini, kwa hiyo usipoliwekea kifaa cha kupandisha mawimbi, stesheni nyingi za Kiluo hulisikii likizishika. Gari limefika Homa Bay na halijui Kiluo. Fundi wa redio analifundisha kwa bei ya sahani mbili za samaki.

Na ndilo gari hilo, la kusambaza katoni, lililofanya kile ambacho Pijo haikufanya. Liliingia kwa watu. Leo mwenye Probox ni kijana aliyeuza bodaboda mbili na kukopa kwenye sako. Ni mama wa omena na shemeji yake waliochanga. Ni mwalimu wa shule ya msingi, si mkuu, mwalimu tu. Injini ya 1500, inanusa mafuta badala ya kuyanywa, na vipuri viko kila kona kuanzia Isebania mpaka Oyugis. Saa nane usiku, kule ndani Ndhiwa, mama mdogo wangu alipoanza uchungu kabla ya siku zake, hatukwenda kumsalimia mzee yeyote. Tulipiga simu. Jirani alilaza kiti cha nyuma, tukatandika godoro, na kabla ya alfajiri alikuwa Homa Bay hospitalini. Mtoto yuko darasa la pili sasa, mtundu kama nini. Nani ataniambia gari hilo halina heshima?

Najua mnachotaka kujibu. Mtaniambia, "Lakini Probox inaua." Hapo ndipo mimi na nyinyi tutashikana mashati, kwa sababu hapo ndipo hii nostalgia yenu inaacha kuwa mchezo.

Tuchukue futi ya kupimia. Pijo ya familia ilikuwa na upana wa karibu mita 1.69. Probox ina upana wa karibu mita 1.69. Miaka thelathini na nne imepita kati ya magari haya mawili na mabega yetu yamepewa nafasi ile ile. Urefu ndio tofauti: Pijo ilikuwa mita 4.8, Probox ya kwanza ni mita 4.2. Yaani tumepunguziwa sentimita sitini, safu nzima ya viti. Pijo iliundwa ibebe watu saba. Probox iliundwa ibebe wawili na katoni, au watano wakivumiliana.

Sasa njoo steji ya Rodi Kopany uhesabu nami. Kiti cha dereva: dereva na abiria mmoja aliyebanwa mlangoni, dereva akiendesha kwa upande kama mtu anayechungulia dirishani. Kiti cha mbele: wawili. Kiti cha nyuma, kile chembamba cha dharura: wanne. Kwenye buti, juu ya mbao mbili zinazotazamana: wanne, magoti yakipishana kama meno ya msumeno. Hao ni kumi na wawili na konda bado anaita, "Mmoja twende, mmoja twende!"

Kwa vipimo vya Japani, ile Probox ya mwanzo hubeba mzigo wa kilo 400 wakiwa watu wawili, na kilo 250 wakiwa watano. Mpe kila mtu kilo 65. Watano ni 325, ongeza 250, unapata 575. Kumi na wawili ni 780, na hapo hujapakia gunia la mahindi wala ndoo ya mbuta juu ya paa. Breki zilipimwa kwa ile hesabu ya kwanza. Springi pia, ndiyo maana mafundi wetu huzibadilisha, gari likae juu nyuma kama panzi. Springi ukibadilisha, gari halikai chini tena, na macho ya askari hayaoni uzito. Breki hakuna anayezikumbuka, kwa sababu breki hazionekani ukiwa steji.

Mfuko wa hewa kwenye usukani unamngoja mtu mmoja aliyekaa katikati ya kiti chake. Hawezi kuwa hapo, kiti kina watu wawili. Mikanda ni mitano. Mlango wa nyuma unafunguka kutoka nje tu, na wanne wako ndani ya buti.

Kuna jamaa niliyesoma naye shule ya msingi alikufa ndani ya buti kama hilo, barabara ya Rongo, jioni, wakati lori lilipogonga kwa nyuma. Waliokaa mbele walitoka na mikwaruzo. Kwenye matanga nilimsikia mzee mmoja akisema haya magari ya Wajapani ni karatasi, ingekuwa Pijo yule kijana angekuwa hai. Watu wakatikisa vichwa. Nilitaka kusimama niulize: Pijo gani, baba? Pijo iliyobeba kumi na wawili? Nilikuwa mgeni wa mji, nikanyamaza kwa adabu ya msiba. Naandika hapa.

Kwa sababu Pijo pia zilijazwa. Tusidanganyane. Nilipopakatwa, nilipakatwa kwa kuwa hakukuwa na kiti. Juu ya paa kulikuwa na magodoro, kuku, baiskeli, na siku ya soko kijana mmoja wa kuyashikilia. Nyuma hakukuwa na mikanda ya kufunga. Chuma ambacho mnakisifu kwamba hakikunji, hakikunji kweli. Kinachokunjika ni wewe uliye ndani. Gari la kisasa hujikunja pua makusudi ili nguvu ya kishindo iishie kwenye bati kabla haijafika kifuani. Mnaona bati lililojikunja mnasema karatasi. Mnaona Pijo imegonga mti na bampa bado linang'aa mnasema hilo ndilo gari, na dereva wake anaimbiwa nyimbo za mazishi.

Kwa hiyo mkisema "magari ya siku hizi yanaua", mnamsaidia nani? Mnamsaidia yule aliyepakia watu kumi na wawili. Mnamsaidia yule aliyesimama kizuizini, akainama, akatazama ndani, akahesabu vichwa kwa macho, akapokea noti iliyokunjwa ndogo kama kidonge, akasema endeleeni salama. Nimekuwa ndani ya gari hilo, nimeiona noti. Sheria ipo. Kanuni za Michuki zilianza kufanya kazi Februari 2004: mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo, hakuna kusimama, hakuna kujaza. Zimetimiza miaka zaidi ya ishirini. Probox haikupata msamaha mahali popote katika kanuni hizo. Inabeba kumi na wawili mchana kweupe, kwenye lami ya kimataifa inayokwenda Tanzania, mbele ya kila mtu, halafu msiba ukitokea tunalaumu kiwanda kilichoko Japani.

Kama mnataka kuililia Pijo, nitawaonyesha pa kulia. Lilieni Mombasa. 504 zipatazo 27,000 ziliunganishwa hapa Kenya, zikitoka kwenye masanduku ya vipande hadi kuwa magari kamili mikononi mwa Wakenya, kwa Associated Vehicle Assemblers. Mzee akinunua Pijo mpya, kuna kijana Changamwe amelipwa mshahara kwa kuifunga milango. Leo bandari ile ile inatushushia Probox zilizokwisha kutumika na kazi tunayobakia nayo ni kuipandisha redio mawimbi. Hilo ni jambo la kuumiza kichwa. Lakini sijaona picha hata moja ya Desemba inayouliza kile kiwanda kilipungukiwa na nini. Mwaka 2017 Peugeot walirudi kwa mbwembwe, wakaanza kuunganisha 508 kule Thika. Gari zuri sana. Niambie ni lini uliiona 508 ikibeba watu Ndhiwa.

Na kule Ngong, kwenye uwanja wa farasi, kila mwaka kuna Concours d'Elegance, magari ya zamani yamepigwa polishi hadi unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango. Sina shida nao. Mwenye pesa na apende chuma chake. Ila gari la maonyesho linafutwa vumbi ili lisiende popote, na sisi huku tuna safari. Ukinipa 504 leo iliyotengenezwa kikamilifu, nikaipeleka njia ya Homa Bay–Rongo, kufikia Ijumaa nitakuwa nimeiuza ninunue Sienta yenye safu tatu, kwa sababu ya bei ya mafuta na kwa sababu ya breki.

Na hilo ndilo ambalo ningependa tulipigie kelele. Yapo magari madogo ya kisasa yaliyoundwa kwa watu saba, kila mtu na mkanda wake. Yapo barabarani tayari, yanabanwa na Probox kwa sababu Probox ya kumi na wawili inashusha nauli. Kaunti zetu mbili zinakusanya ada ya steji kila asubuhi, kwa kila gari, risiti inatolewa. Anayekusanya hiyo ada anaona mbao kwenye buti. Angeweza kukataa kutoa risiti kwa gari lenye mbao. Haihitaji bunge, haihitaji mfadhili, haihitaji semina Kisumu. Inahitaji aangalie nyuma ya gari kabla hajaandika.

Upande wetu abiria, tuna neno moja linalotuua nalo ni "songa kidogo". Mama amesimama na mtoto, jua linawaka, nani atakataa? Utu wetu wenyewe unatumika kutupakia. Konda analijua hilo, ndiyo maana humpandisha mama mwenye mtoto mwisho, gari likiwa limejaa. Mara ya kwanza nilipokataa kusonga niliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mmoja akauliza kama nimetoka Nairobi. Nikamwambia nimetoka Rodi, na kwamba ninalipa viti viwili, changu na hiki cha katikati, na huyo mama aje akae hapa na mtoto wake bila kulipa. Konda alichukua pesa. Kisha, kwa kuwa ni konda, akajaribu kumtoza mama pia.

Hii Desemba pigeni picha zenu, hakuna anayewakataza, Pijo ni nzuri kwenye picha. Lakini mkishamaliza, mkiteremka steji na begi zenu za magurudumu, angalieni buti kabla ya kuingia. Mkiona mbao, msipande, na mseme kwa sauti kwa nini hampandi. Nyinyi ndio mna pesa ya kungoja gari la pili. Dani yuko hapo kando na karai lake, na akisema yeye, anaachwa.